Naitazama filamu kuanzia kwenye pindo

Watu wengine wakitazama filamu huangalia sura. Mimi huangalia pindo. Gauni likipita kwenye runinga, jicho langu linateremka lenyewe mpaka chini kuona pindo limelazwa vipi, linaning'inia sawa au limevutwa upande mmoja, na kama lina vumbi pale linapostahili kuwa na vumbi. Ucherehani umeniharibu. Mume wangu anasema kukaa na mimi mbele ya runinga ni adhabu, maana shujaa akiwa anakata roho mimi nauliza kifungo cha pili cha shati lake kimekwenda wapi.

Baada ya Idd ndiyo sisi mafundi tunapumua. Mwezi mzima wa Ramadhani chumba changu hapa Ngamiani, Tanga, kinajaa mifuko ya vitambaa, simu zinaita mpaka wakati wa daku, na kila mtu anataka nguo yake kabla mwezi haujaandama. Idd ikishapita, kazi zinakatika ghafla. Zinabaki zile ndogondogo: zipu ya kubadilisha, suruali ya mtumba ya kupunguza kiuno, sketi ya shule ya kuteremsha pindo kwa sababu mtoto ameota miguu. Runinga nimeitundika ukutani mbele ya cherehani, basi mguu unakanyaga huku macho yako juu, japo kusema kweli kwenye filamu nzuri mguu husimama.

Safari hii nilikuwa na wenzangu. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Dar, alikuja likizo na flashi imejaa mpaka pomoni. Na mama mkwe wangu alikuwa ametoka Pangani kuja kukaa nasi kidogo. Kijana ndiye aliyetutafsiria pale Kiingereza cha maandishi ya chini kilipopita mbio, na mama ndiye aliyetoa hukumu.

Tulianza na chaguo la mama, kwa heshima yake. Mother India, ya mwaka 1957, ya mwongozaji Mehboob Khan. Aliitazama akiwa msichana, enzi ambazo mji huu ulikuwa na majumba ya sinema na watu wakipiga pasi nguo zao ili kwenda kutazama picha ya Kihindi. Kihindi chenyewe hakijui, ukitoa zile nyimbo ambazo anaziimba nusu maneno nusu kuguna, lakini kila tukio alitutangulia. "Sasa hivi jiwe litamwangukia mume." Kweli, jiwe likamwangukia mume, mikono yote miwili ikaenda. Kijana akalalamika kwamba filamu inakaribia saa tatu. Mama akamwambia, "Sisi tulikuwa tunakata tiketi mwanangu, tulitaka haki yetu."

Kisa kinaanza na deni. Mama mkwe wa Radha, mwanamke ambaye filamu inamhusu, amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili amwoze mwanawe kwa heshima, na deni hilo linakula robo tatu ya mavuno ya kila mwaka. Hapo mama alinyamaza, akanigeukia: "Mimi harusi yako sikukopa." Tulicheka mpaka kijana akaisimamisha filamu.

Nargis, anayecheza Radha, alikuwa hajafikisha hata miaka thelathini, na humo ndani anatoka kuwa bi harusi mpaka kuwa bibi kizee. Mimi niliifuata sari. Sari haina mshono wa kuficha makosa, ni kitambaa cha kufunga tu, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye mkunjo na kwenye kuchakaa. Mwanzoni kuna bangili na mikufu ya bi harusi. Vito vinakwenda kimoja kimoja kwa mkopeshaji, na mwisho anabaki na kitambaa na mwili wake. Baada ya mafuriko, akichimbua mizizi ili watoto wale, tope limeingia ndani ya uzi. Halikupakwa tu juujuu kamera ikiwa tayari imewashwa. Aliyewavalisha alijua kwamba nguo ya mkulima huanza kufa pale mwili unapoinama.

Kuna sehemu ya moto ambayo wakati wa kurekodi Nargis alizingirwa kweli na ndimi za moto, na Sunil Dutt, aliyecheza mwanawe Birju, akaingia kumtoa. Wakaoana mwaka 1958. Mama alitusimulia hayo na kuongeza na harusi yenyewe ilivyokuwa, harusi ambayo nina hakika hakualikwa.

Ile sari ndiyo iliyoniamshia ugomvi wangu wa zamani na filamu zetu za hapa nyumbani. Nimekua nazo, nazipenda, enzi za Kanumba nilikuwa naacha chungu jikoni, na Aprili 2012 alipofariki nililia na majirani. Lakini jamani, mavazi. Mwanamke ni mjane wa kijijini, ana njaa, anafukuzwa shambani na shemeji zake, na kanga aliyojifunga ina mistari ya mikunjo ya dukani, wanga haujatoka. Kucha ndefu zina rangi. Anatoka kisimani na wigi halijalowa hata tone. Hapo mimi siwezi kulia naye. Mteja wangu mmoja aliwahi kuigiza kipande kidogo, akaniambia aliambiwa aje na nguo zake mwenyewe, na ukimwambia mwanamke aje na nguo zake mbele ya kamera ataleta zile nzuri. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeleta ile abaya ya Idd. Lakini kuifua kanga mara tatu na kuianika juani hakuhitaji fedha za Marekani, na kufua kanga kunajulikana kila nyumba.

Black Panther tuliitazama kwa ajili ya watoto wa jirani waliovamia sebule. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yake, alipata Oscar mwaka 2019, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo, na anastahili. Ukiwaona wale waliojitanda blanketi za Wasotho wa Lesotho huku wamepanda vifaru, unajua kuna mtu amekaa na kusoma. Taji la malkia lilichapwa na mashine kutoka kwenye kompyuta, kijana akanionyesha picha. Nguo nzuri sana, ila katika nchi nzima ile ya kubuni ya Wakanda hakuna anayeonekana kufua.

Queen of Katwe, ya 2016, iko upande wa pili. Mira Nair ameishi Kampala miaka mingi na inaonekana. Watoto wamevaa fulana za mtumba zilizokuwa za mtu mwingine mnene zaidi, shingo zimelegea, mabega yameshuka, na rangi zimepauka kwa jua. Lupita Nyong'o anacheza mama wa Phiona Mutesi, yule binti wa mtaa wa Katwe aliyeibuka kwenye sataranji. Kuna mahali anauza nguo yake ya thamani ili nyumbani kuwe na mafuta ya taa na mtoto aweze kusoma usiku. Nimewahi kuletewa nguo za namna hiyo. Mtu anakuja na gauni la marehemu mama yake, anauliza, "Fundi, hii inaweza kupata bei gani?" halafu kabla sijajibu anaikunja anaondoka nayo.

Niliyokuwa naisubiri kwa hamu ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Ilitoka 2021 na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo waliopita kidato cha tano na sita wanaijua nje ndani. Mimi niliishia cha nne, kitabu nilikiazima kwa mdogo wangu nikakisoma katikati ya kazi, mpaka kina alama za chaki ya kukatia vitambaa. Hakudai tena.

Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, ameozwa kwa mwanaume aliyemzidi umri kwa mbali, anakimbia, rafiki yake Mwajuma anampokea, na katika maisha yake mapya anakutana na Denge, kijana anayewindwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora na Denge na Gudrun Columbus Mwanyika. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo mama hakuhitaji mkalimani. Kile Kiswahili cha Unguja kilimwingia vizuri mpaka akaanza kuwajibu.

Kamera haina haraka. Inakaa kwenye ukuta, kwenye moshi, kwenye shingo ya mtu, na taarabu inapita kati. Kijana alichoka, akasema kitabu kina matukio mengi zaidi kuliko haya. Ni kweli, anayekwenda kuitafuta riwaya nzima humo atatoka na nusu kibaba. Lakini mimi nilishiba kwa sababu nyingine. Wanawake mle ndani wanajifunga kanga kwa mkono uliozoea. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanamke aliyejifunga kanga na aliyevalishwa. Aliyevalishwa anaishikilia. Aliyezoea anaichomeka mara moja, anaendelea na maneno yake, na ikilegea mkono unairudisha bila yeye kujua.

Kwenye mabuibui tulikwama muda mrefu. Mama alituelezea buibui la kamba, lile la zamani, jinsi lilivyokuwa pana, linafungwa kwa kamba kichwani na kukusanywa mkononi, na namna msichana mjanja alivyoweza kulikusanya kwa mtindo ambao kijana anayemtaka anamjua kwa mwendo tu hata uso hauonekani. Haya ya leo tunayoyaita mabaibui, ya mikono na vifungo mbele, mengi ni abaya zilizotufikia kutoka Uarabuni. Nimeshona mengi sana, nayajua. Lile la kamba sijawahi kushona hata moja. Nilimwomba mama anichoree kwenye karatasi ya kukatia, akachora, na sasa karatasi ile nimeibandika ukutani chini ya runinga. Kwa hiyo filamu tuliimaliza baadaye sana, tukiwa tumeirudisha nyuma mara kadhaa.

Lawama yangu ni moja: giza. Najua ni makusudi, mambo ya siri hufanyika gizani, lakini kuna nguo humo nilitamani mtu aninyanyulie taa hata kidogo.

Sasa nije kwa filamu ambayo kijana alisema ameileta kwa ajili yangu. Phantom Thread, ya mwaka 2017, ya Paul Thomas Anderson. Fundi nguo wa kiume, London ya miaka ya 1950, anaitwa Reynolds Woodcock, anawashonea matajiri na wafalme. Anaishi na kazi yake na dada yake Cyril, anayeshika daftari, funguo na adabu ya nyumba. Daniel Day-Lewis ndiye fundi. Kabla ya kurekodi alikwenda kujifunza kushona kwa mkuu wa mavazi wa kikundi cha dansi cha New York City Ballet, mpaka akaweza kushona upya gauni la mbunifu maarufu Balenciaga. Nilimtazama mkono kwa roho mbaya kabisa, nikitafuta pa kumkamata. Sikupata. Anavyoshika sindano, anavyolaza kitambaa kwa kiganja kabla ya pini, na ule mtazamo wa kurudi nyuma hatua mbili akifumba jicho moja, ndiyo wenyewe. Yule amejichoma.

Usiku wa kwanza anapomtoa Alma, mhudumu wa mgahawani, anamsimamisha na kumpima. Dada mtu anaingia, anakaa, anaandika vipimo. Fundi anamwambia msichana hana matiti, halafu anaongeza kwamba kazi yake ni kumpa, akipenda. Nilisimamisha cherehani. Mimi nikimwambia mteja hivyo hapa Tanga, kwanza nimempoteza yeye, pili dada zake, tatu ukoo mzima wa mumewe. Kupima mtu ni kazi ya ulimi kuliko ya futi kamba. Unataja namba polepole, na namba ya kiuno unaiandika bila kuitaja.

Lakini kuna mahali nilimwelewa mpaka nikaona aibu. Tajiri mmoja mwanamke anavaa gauni lake kwenye sherehe ya ndoa yake, analewa, anaanguka usingizini nalo. Alma anasema huyu hastahili nguo hii, na wanakwenda wawili kumvua akiwa amelala, wanaondoka na gauni. Niliwahi kumshonea mteja gauni la kitchen party, mshono wa kubana mpaka gotini, akaliazimisha kwa dada yake mwenye mwili mara moja na nusu. Likapasuka ubavuni, na mtaani ikatangazwa kwamba fundi ameshona vibaya. Wale wawili wakitembea usiku na gauni lao mikononi, mimi nilikuwa nao.

Watu wanaisifia hii kuwa filamu ya fundi mwenye kipaji na mwanamke anayekataa kumezwa na kipaji hicho. Sawa. Mimi naona ni filamu ya wale wanawake wenye makoti meupe. Kila asubuhi wanapanda ngazi kwa mstari, wanakaa, wanashona, na fundi mkuu anapita kati yao akiwa na mawazo yake. Anapougua anaangukia gauni la harusi la binti mfalme, linachafuka na kuchanika, na wanawake wale wanakesha kulitengeneza upya mpaka asubuhi. Yeye amelala ghorofani. Wawili kati yao, Joan Brown na Sue Clark, si waigizaji. Ni mafundi wa kweli waliostaafu, waliokuwa wakijitolea kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ndiko walikopatikana. Niliwatambua kabla kijana hajanisomea habari hiyo. Mtu aliyeshona maisha yake yote hatazami sindano inapoingia, anatazama inapotokea. Lebo ina jina la mwanaume mmoja, na usiku mzima sikuona hata mmoja wao akilalamika kwa hilo. Oscar ya mavazi ilikwenda kwa Mark Bridges mwaka 2018, naye apewe haki yake.

Woodcock huficha vitu ndani ya bitana: maneno kwenye utepe, jina, na koti lake mwenyewe lina nywele za marehemu mama yake. Kijana akaniuliza kama na mimi nina siri za kuficha. Ninazo. Kwenye kila gauni naacha akiba ya mshono pembeni, vidole viwili, bila kumwambia mwenye gauni. Akirudi baada ya mwaka na kitu kimeongezeka, naifungulia kidogo na kumwambia kitambaa kilikuwa kimesinyaa kwenye kufua. Tunaagana kwa furaha.

Mwisho wake sitauficha, maana bila huo hamtajua mama alisema nini. Alma anagundua kwamba mwanaume huyu akiwa mzima hana nafasi ya mtu moyoni, ila akiugua anakuwa mtoto mpole. Basi anamkaangia yai lenye uyoga wa sumu, kipimo cha kumlaza bila kumuua. Naye fundi anatafuna akimtazama usoni, anajua, na anameza. Kijana alishika kichwa. Mama akaweka chini kikombe chake cha chai na kusema, kwa utulivu kabisa: "Limbwata. Kumbe na Wazungu wanalo." Akataka kujua yule msichana ametoka upande gani wa Uingereza. Nikamwambia hata si Mwingereza, ni mgeni aliyehamia. "Ndiyo maana," akasema.

Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya 2018, ni fupi, dakika 74, na nilijua itaniliza kwa hiyo nilikaa na kazi ya kupachika vifungo ili nipate pa kuficha uso. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, anampenda Jackie Chan na mashujaa wanaoruka. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani, dada yake Mwix anakataa mtoto amalizie siku zake amelala kitandani, na taratibu kijiji kizima kinaingia kwenye njama ya kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Mama yao ni mkunga, na Maryanne Nungo anamcheza kwa uso uliokaza, uso wa mtu anayewapokea watoto wa wengine huku wake akimponyoka. Mtoto mwenyewe, Stycie Waweru, hana hata punje ya kuigiza. Anakuwa tu.

Na lile joho na barakoa vya ushujaa! Ni vya nyumbani, vya mkono. Nimeshawashonea watoto wa mtaa huu majoho ya namna hiyo kwa mabaki ya satini ya harusi, kwa hiyo naijua ile hali: mtoto akishafungwa kitambaa shingoni, hasimami tena sawa na alivyokuwa amesimama kabla. Hollywood wanatumia mamilioni kwa joho la kuruka, na la Jo linaruka juu zaidi. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika chache, tukakaa gizani watatu tukisubiri, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu kila mmoja alikuwa anajifuta. Uliporudi tukamalizia. Sitasema inavyokwisha.

Ya mwisho ilikuwa In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Hong Kong ya 1962, nyumba za kupanga, familia mbili zinahamia siku moja, nyumba zinapakana. Mwanaume, anayechezwa na Tony Leung, na mwanamke, Maggie Cheung, kila mmoja na ndoa yake. Mtu wa Ngamiani hahitaji kuelezwa hali hiyo: korido moja, mlango wa jirani unaangalia wako, ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa pole. Kuna usiku mama mwenye nyumba na wenzake wanarudi ghafla na kucheza mahjong mpaka kunakucha, na wawili hawa wananaswa chumbani bila kufanya kosa lolote, hawawezi kutoka kwa sababu ya macho. Mama alisikitika kwa sauti. "Wamewakamata na hawajaiba."

Wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano. Hakuna barua iliyookotwa wala simu iliyopekuliwa. Wanajua kwa mkoba na tai. Mwanaume anaona mkoba wa mwanamke huyu unafanana kabisa na wa mkewe, na mwanamke anaona tai ya mwanaume huyu inafanana na ya mumewe, vyote vimetoka nje ya nchi, haviuzwi pale. Wanaulizana kwa adabu, mezani, mmoja anadai anataka kununua kama ule. Na wale wasaliti wenyewe kamera haiwaonyeshi uso hata mara moja. Hapa kwetu mwanaume mzembe hununua doti mbili za jina moja, moja ya huku na moja ya kule, halafu wanawake wanakutana msibani wamevaa sare bila kupanga. Nimeletewa kanga kama hizo nizipinde. Nilipinda, nikanyamaza.

Na yale magauni. Cheongsam, yale ya Kichina ya kubana, zaidi ya ishirini, kazi ya William Chang, ambaye ndiye pia aliyeihariri filamu. Ukiwa huangalii nguo utapotea, kwa sababu unadhani ni jioni ileile, kumbe gauni limebadilika, siku zimepita. Anateremka ngazi na chombo chake kwenda kununua tambi, muziki uleule wa fidla, taa ileile ya njano, lakini maua ya kitambaa si yaleyale. Kola imesimama mpaka chini ya kidevu, kiuno kimekamatwa bila kukunjamana, na mshono wa bega umepita mahali ambapo mimi bado natafuta kuuelewa. Nilimwambia kijana asimamishe picha, nikasogea na futi kamba mpaka kwenye kioo. Alipiga picha nikiwa hivyo, na amekwishawatumia ukoo mzima.

Wakati huo mteja wangu mmoja alikuwa amekaa anasubiri zipu. Alitazama robo saa tu, akasema anataka kola ile kwenye gauni lake la kitenge la harusi ya dada yake. Nikamweleza: hii ni Tanga, joto la bahari, kola ya vidole vitatu na kitambaa kigumu ndani yake itamchemsha shingo kabla hata bi harusi hajatoka. Na gauni la kubana namna hiyo huwezi kuinama kuchukua sahani ya pilau. Akaniambia hatainama, ataletewa. Nimemkatia kwanza kwa shuka kuukuu ili nione inakaaje. Bega bado linanisumbua, nimelifumua nikalirudia. Jumamosi anakuja kujaribu, na akishindwa kumeza mate tutapunguza kidole kimoja.